Deliko na alimaji ya gari za zamani: namna ya kupanga, namna ya kutengeneza, na namna ya kujua ugonjwa uko wapi

Kwenye barabara zetu, toka Bunia mpaka Kalemie, bado kuna gari nyingi za esansi zenye umri kupita shofere anayeziendesha. Ni Toyota Corolla za zamani, LiteAce za kubeba watu, Land Cruiser na Land Rover za esansi, mara moja moja hata Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Hizi gari ziko na ugonjwa mmoja unaorudi kila wakati: motere inakosa nguvu kwenye mlima, inachemka bila sababu, inakula esansi, au inagonga sauti ya vyuma ukikanyaga. Fundi anafungua kapo, analegeza deliko, anaizungusha kidogo akisikiliza kwa sikio, anakaza, analipwa. Kiisha siku tatu ugonjwa umerudi.

Ukurasa huu unaeleza kazi ya deliko, namna ya kupanga alimaji kwa kipimo, na zaidi ya yote fasi ambayo wengi hawaangalii: pinyo inayozungusha deliko kutoka ndani ya motere. Ni kwa wenye gari, mashofere, na vijana wanaojifunza kazi mu garaji.

Deliko ni nini, na jina lilitoka wapi

Jina tunalotumia lilipitia kwa Wafaransa, lakini limetoka Marekani. Mwaka 1909, Charles Kettering na Edward Deeds walianzisha kampuni mu mji wa Dayton, kwa jina Dayton Engineering Laboratories Company. Ukikusanya herufi za mwanzo unapata Delco. Kettering njo aliyetengeneza alimaji ya batri na bobini ambayo gari karibu zote za esansi zilitumia kwa miaka makumi. Jina la kampuni likageuka jina la chombo chenyewe.

Kazi yake ni mbili. Ya kwanza: kukata umeme wa bobini kwa saa ile ile inayotakiwa. Platine zikiwa zimefungwa, kurani ya volti 12 inapita mu bobini. Zikifunguka, kurani inakatika kwa ghafla na bobini inatupa umeme mkali wa volti elfu nyingi. Kondansateri ndogo iko pale juu ya kusaidia kurani ikatike vizuri, platine zisiungue. Ya pili: kugawa ule umeme mkali. Kidole cha deliko kinazunguka chini ya kichwa cha deliko na kupeleka umeme kwa buji moja baada ya ingine, kwa mpangilio wake.

Ndani kuna tena vitu viwili vya kusaidia. Kuna vizito vidogo vyenye ressori: motere ikikimbia, vinafunguka na kuleta cheche mapema zaidi. Kiisha kuna kapsula ya pembeni yenye mpira wa kunyonya hewa toka karburateri, ambayo inaongeza avansi wakati gari inaenda polepole bila mzigo mkubwa.

Kwa nini cheche inakuja mbele ya wakati

Mchanganyiko wa hewa na esansi hauungui mara moja sawa baruti. Unahitaji muda kidogo. Kama cheche inakuja wakati pistoni imekwisha kufika juu kabisa, nguvu ya moto inaikuta pistoni imeanza kushuka, na nguvu nyingi inapotea mu eshapema. Njo maana cheche inapaswa kutangulia kidogo. Ile tofauti tunaita avansi, na tunaipima kwa degre za mzunguko wa vilbrekeni.

Kwenye ralanti ya mizunguko 800 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekonde 75. Kwenye mizunguko 4000, unachukua 15 tu. Moto hauongezi mwendo wake kwa kadiri hiyo, basi cheche inapaswa kutangulia zaidi. Hiyo njo kazi ya vizito vidogo. Vikikwama kwa kutu, gari itakuwa nzuri kwenye ralanti lakini mzito kwenye barabara, na hata ukizungusha deliko mara kumi hutapata dawa.

Jambo lingine la kukumbuka: deliko inazunguka mara moja wakati vilbrekeni inazunguka mara mbili. Kwa hiyo ukisogeza deliko degre 1, umebadilisha alimaji kwa degre 2. Fundi anayezungusha deliko kwa upana wa kidole amebadilisha mambo mengi kuliko anavyofikiri.

Dalili: avansi mingi ao retari?

Kama alimaji iko na retari, ni kusema cheche inachelewa, utaona hivi: motere haina nguvu kwenye mlima, inachemka, bomba la eshapema linakuwa moto sana, esansi inaisha haraka, na mara ingine inapiga bunduki nyuma ukiachilia mguu.

Kama iko na avansi mingi: inagonga kama misumari mu kopo ukikanyaga kwenye mlima, na wakati wa kuwasha demareri inakwama ao inarudishwa nyuma. Hiyo sauti ya kugonga si kelele tu. Ni moto unaolipuka vibaya juu ya pistoni. Ukiendelea nayo kwa safari ndefu, pistoni inaweza kutoboka, segma zinavunjika, na hapo gharama si ya deliko tena, ni ya motere nzima.

Kama alimaji inabadilika yenyewe, leo vizuri kesho vibaya, usifikiri ni uchawi. Tafuta bulo ya deliko iliyolegea, ekseli ya deliko inayocheza, ao pinyo iliyolika.

Kabla ya kugusa deliko

Angalia kwanza vitu vya bei ndogo. Filtre ya hewa imejaa vumbi? Buji ziko na rangi gani? Waya za buji zimepasuka? Kichwa cha deliko kiko na mustari mweusi ndani, kama ufa mwembamba? Huo ufa unapitisha umeme kwenda fasi isiyo yake, zaidi wakati wa mvua. Angalia maji ya radiateri na usafi wa masi ya batri. Kama supape hazikupangwa ao joenti ya kulasi imeungua, deliko haitaponyesha.

Hakikisha tena mpangilio wa waya. Kwa motere nyingi za Toyota zenye silinda 4, mpangilio ni 1-3-4-2. Kwa Land Rover za zamani za silinda 4 ni vile vile. Land Cruiser za esansi zenye silinda 6 mu mstari ni 1-5-3-6-2-4. Volkswagen ya mgongo wa kobe ni 1-4-3-2. Hesabu kwa kufuata upande ambao kidole kinazungukia, si upande unaokupendeza.

Vyombo vya kazi

Hauhitaji garaji kubwa. Tafuta fungulo za kawaida, turnevisi mbili (moja ndefu), kale za kupimia nafasi, papye vere laini, chaki nyeupe, na ampule ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Kama unaweza kupata taa ya stroboskopi, ni bora zaidi. Vijana watatu wenye garaji ndogo wanaweza kuchanga falanga na kununua moja, itawalipa.

Usalama: funga freni ya mkono, weka vitesi kwenye puwamo, vua kitambaa cha shingo na shanga, mikono mbali na vantilateri. Usiache motere ikizunguka mu nyumba iliyofungwa, moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya. Na usimwage esansi kwa chupa mu karburateri wakati mwenzako anapiga demareri: alimaji ikiwa mbaya, moto unarudi juu kupitia karburateri, na chupa iko mkononi mwako.

Hatua ya kwanza: platine

Anza siku zote na platine, sababu ukibadilisha nafasi ya platine umebadilisha alimaji. Nafasi ikiwa kubwa, zinafunguka mapema: avansi. Nafasi ikiwa ndogo, zinachelewa: retari. Na kwa sababu kile kipande cha plastiki kinachosuguana na kame kinalika polepole, kila gari yenye platine inaenda kwenye retari yenyewe, hata kama hakuna mtu amegusa.

Toa kichwa cha deliko na kidole. Zungusha motere kwa fungulo kwenye bulo ya puli mpaka platine zifunguke kwa upana wake wote. Pima kwa kale. Kwa Toyota za zamani kipimo cha kawaida ni milimeta 0,45. Kale ipite kwa kusuguana kidogo tu, bila kusukuma. Kama uso wa platine uko na mulima na shimo, weka zipya. Papye vere ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kubaki. Paka grese kidogo sana kwenye kame. Ikizidi, inaruka kwenye platine na motere inakatala kuwaka.

Hatua ya pili: kupata silinda ya kwanza

Silinda ya 1, kwa gari hizi za Toyota na Land Rover, ni ile ya upande wa radiateri. Toa buji yake, weka kidole kwenye tundu, zungusha motere kwa upande wake wa kawaida. Ukisikia hewa inasukuma kidole, pistoni inapanda kwa kukandamiza. Endelea polepole mpaka alama ya puli ifike mbele ya namba zilizo kwenye kifuniko cha sheni. Kwa Land Cruiser nyingi za zamani, alama iko nyuma, kwenye volani, unaiona kupitia dirisha dogo.

Safisha alama kwa kitambaa na uipake chaki. Namba ya kwako tafuta kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kapo ao mu kitabu cha gari. Kwa motere nyingi ndogo za zamani, namba ni kati ya degre 5 na 10 mbele ya juu kabisa. Usichukue namba ya gari ya jirani.

Sasa angalia kidole cha deliko. Kinapaswa kuelekea waya ya silinda ya 1. Kama kinaelekea upande wa pili kabisa, kuna mambo mawili: ao haukuwa kwenye kukandamiza, ao kuna mtu aliwahi kurudisha deliko kinyume na akapanga waya kufuata kosa lake. Motere inaweza kutembea hivyo, lakini fundi wa kesho atapotea.

Hatua ya tatu: kupanga kwa ampule

Hii njia haihitaji motere kuwaka. Inafaa kwa gari yenye platine tu.

Funga waya moja ya ampule kwenye mguu wa bobini unaoenda kwa deliko, waya ya pili kwenye masi. Weka alama ya puli kwenye namba yako. Legeza bulo ya deliko kidogo, iweze kuzunguka kwa nguvu ya mkono. Fungua kontakti. Platine zikiwa zimefungwa, ampule inazimika, zikifunguka, inawaka.

Zungusha mwili wa deliko kufuata upande wa kidole mpaka ampule izimike. Kiisha urudishe polepole sana kinyume na upande wa kidole. Pale pale ampule inapowaka, simama. Hiyo njo saa ya cheche. Kaza bulo bila kusogeza kitu. Zungusha motere mara mbili kamili, ufike tena kwenye alama, uone kama ampule inawaka fasi ile ile. Usiache kontakti wazi kwa muda mrefu, bobini itachemka.

Weka hii mu kichwa: kuzungusha mwili wa deliko kinyume na kidole ni kuongeza avansi, kuufuatisha kidole ni kuongeza retari.

Hatua ya ine: kuhakikisha kwa taa ya stroboskopi

Motere ikiwa imepata joto, toa mpira wa kapsula na uzibe tundu lake. Funga kamata ya taa kwenye waya ya buji ya 1. Weka ralanti yake ya kawaida, karibu mizunguko 750 mpaka 800. Elekeza taa kwenye alama: itaonekana kama imesimama. Kama haiko kwenye namba, sogeza deliko kidogo kidogo.

Kiisha ongeza mwendo wa motere. Alama inapaswa kupanda yenyewe, polepole na sawasawa. Kama haipandi, vizito vidogo vimekwama. Kama inarukaruka hata kwenye ralanti, usikaze bulo ukaenda: ekseli ya deliko, pinyo ao sheni iko na ugonjwa. Rudisha mpira wa kapsula. Mwendo wa motere ukiwa juu kidogo, alama inapaswa kupanda tena. Kama hakuna kitu kinabadilika, nyonya ule mpira kwa mdomo: ukinyonya hewa bila mwisho, kapsula imetoboka.

Pinyo: fasi ambayo wengi hawaangalii

Kwa motere nyingi za zamani zenye arbrakame pembeni ya silinda, kama zile za Toyota za familia K na zile za Land Cruiser za silinda 6, chini ya ekseli ya deliko kuna pinyo yenye meno ya kulala. Inashikana na meno ya arbrakame. Nayo arbrakame inavutwa na vilbrekeni kwa njia ya sheni ao pinyo ingine. Kwa nyingi ya motere hizi, ncha ya chini ya ekseli ya deliko inaingia mu ufa wa pompa ya mafuta na kuizungusha. Kwa hiyo fasi moja inabeba kazi mbili: umeme na mafuta ya motere. Kosa dogo pale linaweza kuua motere kwa dakika chache.

Kuna majaribio matatu ya kufanya kabla ya kutoa kitu:

La kwanza, shika kidole cha deliko na ukizungushe kidogo kwa mkono. Kinapaswa kusogea upande mmoja kwa nguvu ya ressori na kurudi chenyewe. Kama kinacheza bure huku na huku bila kurudi, kuna nafasi mbaya kwenye pinyo ao kwenye kipini chake.

La pili, shika ncha ya ekseli uisukume kulia na kushoto. Ikicheza, busheni zimelika. Hapo nafasi ya platine inabadilika kila mzunguko, na hakuna kupanga kutakaosimama. Ivute tena juu na chini. Inapaswa kuwa na nafasi kidogo, lakini isizidi nusu milimeta. Ikizidi, rondeli za chini zimelika ao kuna mtu alizipoteza. Sababu meno yamelala, ekseli ikipanda inajizungusha yenyewe, na alimaji inatembea bila mtu kuigusa.

La tatu, kichwa kikiwa kimetolewa, zungusha vilbrekeni kwa fungulo huku na huku. Kama puli inasogea degre nyingi, karibu 10, mbele ya kidole kuanza kusogea, sheni imerefuka ao meno yamelika.

Kipini kinachoshika pinyo kwenye ekseli kikilegea, kinatengeneza tundu la yai. Kukitoa, tia ncha yake lima kwanza, tegemeza ekseli vizuri kwenye mbao ngumu, kiisha kipige na shaso. Weka kipini cha chuma chenye kipimo kile kile na ukipanue ncha zote mbili. Usiweke musumari. Musumari ni laini, utakatika, na utakatika mbali na garaji.

Kama meno yamevunjika, usifunge ingine tu na kushukuru. Jiulize ni nini iliyavunja. Mara nyingi ni pompa ya mafuta iliyokwama kwa uchafu ao kipande cha chuma kutoka kwenye karteri. Ingiza turnevisi ndefu mu tundu la deliko, uzungushe pompa kwa mkono. Inapaswa kuzunguka laini, kwa uzito wa mafuta tu. Ikigoma, shusha karteri. Kama meno ya arbrakame yamekuwa membamba kama kisu, pinyo mpya itakwisha kwa muda mfupi. Hapo mwambie mwenye gari ukweli kuhusu arbrakame mbele ya kuchukua makuta yake.

Ukinunua deliko ya okazyoni, iweke pembeni ya ile ya zamani mu soko lenyewe. Hesabu meno, angalia yamelala upande gani, pima urefu wa ekseli na umbo la ncha ya pompa.

Kutoa na kurudisha deliko

Weka motere kwenye alama ya silinda ya 1, kukandamiza. Ondoa waya ya batri. Piga alama kwa chaki: fasi kidole kinaelekea, na fasi mwili wa deliko unakaa juu ya bloki. Toa bulo, vuta polepole. Utaona kidole kinajizungusha wakati pinyo inaachana na meno. Piga alama ya pili pale kinaposimama. Wengi wanasahau alama hii, na inaokoa muda mwingi. Ziba tundu kwa kitambaa safi. Usizungushe tena motere.

Kurudisha: paka pinyo mafuta ya motere, weka ringi mpya ya mpira, elekeza kidole kwenye alama ya pili, shusha. Kitajizungusha na kufika kwenye alama ya kwanza. Kikifika fasi ingine, umekosa jino moja. Kwa pinyo yenye meno 12, jino moja ni degre 30 za deliko, ni kusema 60 za vilbrekeni. Hakuna kusogeza mwili wa deliko kutakaofunika kosa hilo; vuta uanze tena.

Na sasa neno la muhimu kuliko yote: kama deliko haikai chini kabisa kwenye bloki, usiisukume kwa bulo wala nyundo. Ufa wa pompa hauko sawa na ncha ya ekseli. Toa deliko, zungusha ufa kidogo kwa turnevisi ndefu, jaribu tena. Ukilazimisha, utavunja sikio la deliko ao utapinda ekseli. Ao mbaya zaidi: motere itawaka bila pompa kuzunguka. Njo maana ukiwasha mara ya kwanza, macho yako yawe kwenye taa nyekundu ya mafuta. Isipozimika kwa sekonde chache, zima mara moja.

Milima yetu na esansi yetu

Uvira na Kalemie ziko kando ya Tanganyika, ambayo maji yake yako karibu metre 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460, kwa hiyo Goma na Bukavu ziko juu zaidi. Butembo inapita 1700. Kwenye metre 1500, uzito wa hewa unapungua karibu asilimia 15. Silinda inapata hewa kidogo, nguvu inashuka, lakini motere inavumilia avansi kidogo zaidi bila kugonga. Njo maana fundi wa Bukavu anaweza kuongeza degre 2 ao 3 na gari ikafurahi. Gari ile ile ikishuka Kamanyola kwenda Uvira na mzigo, itaanza kugonga. Kama gari yako inapanda na kushuka kila juma, ipange kwa fasi ya chini.

Kitu cha pili ni esansi. Ile ya kadhafi pembeni ya barabara inaweza kuwa nzuri, inaweza pia kuwa imechanganywa na petroli ya taa. Petroli ya taa inaleta kugonga hata kama alimaji iko sawa. Tia tone moja kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inakauka haraka bila kuacha doa, ikibaki doa la mafuta, kuna mchanganyiko. Ukikwisha kuijaza na motere inagonga, punguza degre 2 mpaka 4, endesha polepole, usibebe mzigo kwenye mlima. Ukipata esansi safi, rudisha namba yake.

Jaribio la mwisho linafanyika kwenye barabara. Motere ikiwa na joto, tafuta mlima mdogo, vitesi ya mwisho, kilometa karibu 40 kwa saa, kanyaga. Kugonga kidogo kunakopotea mara moja ni mpaka wa mwisho. Kukiendelea, punguza.

Gari zisizo na platine

Toyota nyingi za miaka ya 1980 ziko na deliko isiyo na platine, yenye kidude kidogo cha sumaku. Pinyo na ekseli zinafuata sheria zile zile, lakini ampule haifai, tumia stroboskopi. Na zile za anjeksioni, kama Corolla na Carina zenye motere 4A-FE, ordinateri inapanga avansi yenyewe. Ili kupima, unaunganisha kwanza TE1 na E1 mu kisanduku cha dyagnostiki, kiisha unaweka degre 10. Usipounganisha, unapima kivuli. Ukimaliza, toa ile waya.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mwenye gari hana lazima ya kujua yote. Lakini anaweza kuuliza: Umepima platine mbele ya kupanga? Umeweka degre ngapi? Ekseli inacheza? Uliangalia pinyo? Naweza kuona kipande kilichotoka? Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi kuonyesha. Anayejibu tu kwamba «sikio langu halinidanganyi», mwachie wakati mwingine.

Kwa gari inayofanya taksi kila siku, angalia platine kila kilometa 5000, ekseli na kichwa cha deliko kila 10.000, na badilisha mafuta ya motere bila kuchelewa, sababu pinyo ya deliko inakunywa mafuta yale yale. Andika namba ya degre na tarehe kwa rangi ndani ya kapo. Fundi wa kesho, hata kama ni wa mji mwingine, atajua pa kuanzia.